Video Haifunguki? Usipige Windows Bado

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, leo naomba tuweke pembeni mbolea na viuatilifu, tuzungumzie kompyuta. Najua wapo watakaosema bwana shamba kapotea njia. Hajapotea. Siku hizi mafunzo mengi ya kilimo yanakuja kwa video: kupanda mpunga kwa mstari, kuanika mwani juu ya chanja badala ya mchangani, kutambua wadudu wa nyanya kabla hawajamaliza shamba. Taasisi ya Access Agriculture, iliyoanzishwa mwaka 2012, inaweka mtandaoni video za mafunzo kwa wakulima katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na unaweza kuzipakua ukaziangalia bila bando.

Basi video inaingia kwenye flashi, flashi inachomekwa kwenye laptopu ya kikundi, wanachama wameshakaa kwenye mikeka. Badala ya picha kinatokea kiboksi cha Kiingereza kinachosema faili haliwezi kuchezwa. Aliyeshika kipanya anabonyeza OK. Kiboksi kinaondoka. Anajaribu tena, kiboksi kinarudi. Mara ya tatu anatokea mtu wa nyuma anasema: "Hiyo kompyuta imeshakufa, ipelekeni Mwanakwerekwe ikapigwe Windows."

Mimi napinga jambo hilo, na leo nataka nieleze kwa nini. Maoni yangu ni haya: ujumbe unaorudi kila siku unatakiwa usomwe, usifungwe tu. Na kompyuta isipigwe Windows mpaka ijulikane kosa liko wapi: kwenye faili, kwenye programu, au kwenye mashine yenyewe.

Kinachopotea ni zaidi ya video

Fikiria laptopu ya kikundi chenu ina nini ndani. Kuna daftari la hisa na mikopo. Kuna orodha ya waliolipa na wasiolipa. Kuna picha za shamba tangu msimu wa mwanzo. Ukiwa na duka kijijini, kuna hesabu za wadeni na bei za jumla. Kupiga Windows mara nyingi kunafanywa kwa kufuta diski. Hata pale diski ilipogawanywa mafungu mawili, vitu vilivyowekwa Desktop na kwenye Documents ndivyo vya mwanzo kupotea, na wengi wetu ndipo tunapoweka kila kitu.

Sasa hesabu hasara. Umelipa nauli, umelipa fundi, umepoteza kumbukumbu za miaka miwili, umerudi nyumbani. Unachomeka flashi ile ile, unafungua video ile ile, na ujumbe ule ule unakutazama. Kwa nini usirudi? Kosa lilikuwa kwenye flashi. Hakuna aliyeigusa flashi.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kubonyeza OK bila kusoma ni kuficha maradhi.

Ujumbe ni dalili, kama jani la manjano

Ukiniletea jani la mnyanya lililogeuka manjano ukaniuliza "nipige dawa gani?", sitakujibu papo hapo. Manjano yanaweza kuwa upungufu wa naitrojeni. Yanaweza kuwa maji yametuama. Yanaweza kuwa minyoo ya mizizi, na hapo ukipiga dawa ya majani umetupa fedha. Dalili moja, sababu nyingi. Nitakuuliza: ni majani ya chini au ya juu? Ni miche yote au ya upande mmoja? Na ukiung'oa mche, mizizi ikoje?

Ujumbe wa kompyuta nao hivyo hivyo. "Siwezi kucheza faili hili" ni jani la manjano. Linaweza kutokana na faili bovu, programu isiyoelewa aina ya faili, au mashine iliyokosa kitu. Ujumbe kurudi baada ya kufungwa si ajabu: umeondoa dalili kwenye kioo, sababu imebaki ilipo.

Kwa hiyo jambo la mwanzo, kabla ya fundi na kabla ya kubonyeza chochote: upige picha ujumbe huo kwa simu. Picha hiyo ichukue maneno yote pamoja na namba iliyo chini yake. Kama Kiingereza kinakusumbua, mwonyeshe mtoto wa skuli akusomee. Kuuliza si ujinga.

Badilisha kitu kimoja tu

Wale waliopita skuli za wakulima wanakumbuka vile vipande viwili vya shamba vinavyolimwa kando kwa kando. Mbegu moja, siku moja, maji sawa, tofauti ni mbolea tu. Kipande kimoja kikizidi, unajua ni mbolea. Ukibadilisha mbegu na mbolea na nafasi kwa pamoja, mavuno yakizidi hujui ushukuru nini.

Fanya hivyo hivyo kwa video. Majaribio matatu yanatosha, na yote ni bure:

1. Faili lile lile, kompyuta ile ile, programu nyengine. Kama ulikuwa unatumia Windows Media Player, jaribu VLC.
2. Programu ile ile, kompyuta ile ile, faili jengine. Fungua video unayojua ilikuwa inacheza wiki iliyopita.
3. Faili lile lile kwenye kompyuta ya jirani au kwenye simu.

Sasa soma majibu. Video moja ikikataa kila mahali na nyengine zikacheza, faili ndilo lenye kasoro. Ikikataa kwenye Windows Media Player na ikacheza kwenye VLC, programu ndiyo isiyoielewa. Video zote zikikataa kwako na zote zikacheza kwa jirani, kosa liko kwenye kompyuta yako, na hapo tu ndipo tunaanza kuzungumza habari za fundi.

Dakika kumi zimekwisha, na tayari umejua zaidi ya yule aliyesema kompyuta imekufa.

Kosa likiwa kwenye faili

Sababu ya kawaida ni faili lililonakiliwa nusu. Flashi ilichomolewa kabla kazi haijakwisha, au umeme ulikatika katikati. Sisi wa Unguja hatuna haja ya kufundishwa umeme kukatika ni nini. Wenye umri wanakumbuka ile miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Jina la faili linaonekana, ndani hamna kitu kamili. Kulijua ni rahisi: bonyeza kulia juu ya faili, chagua Properties, tazama ukubwa. Linganisha na lile la asili ulikolitoa. Kama la asili ni MB 180 na lako ni MB 95, usihangaike na programu. Nakili upya, na safari hii itoe flashi kwa utaratibu, si kwa kuivuta.

Video uliyoirikodi mwenyewe nayo inaweza kufa hivyo. Simu ikizimika katikati ya kurikodi, faili la MP4 mara nyingi halifunguki kabisa, kwa sababu ile orodha inayoieleza programu picha gani iko wapi huandikwa mwisho wa kurikodi. Ukirikodi mkutano, chaji simu kwanza, na urikodi vipande vifupi vya dakika kumi kumi. Kipande kimoja kikiharibika, vyengine vinabaki.

Sababu ya pili ni flashi ya uongo. Imeandikwa GB 64 au 128, bei yake rahisi, kumbe ndani nafasi ni ndogo sana. Inakubali kupokea mafaili, inaonyesha majina yote, lakini yaliyozidi nafasi ya kweli hayapo. Dalili yake: video za mwanzo zinacheza, za mwisho zote zinakataa. Ipo programu ya bure iitwayo h2testw inayopima ukubwa wa kweli wa flashi. Inataka flashi iwe tupu, basi hamisha vyako kwanza. Mwenye duka anayenunua flashi kwa jumla, apime moja kabla ya kununua dazeni. Mteja ukimuuzia hewa hatarudi.

Sababu ya tatu ni virusi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato. Utaona kila folda ina mshale mdogo kwenye kona, na ukibonyeza unaambiwa kilichotafutwa hakipo. Watu wengi hapo huiformati flashi. Usifanye hivyo. Mara nyingi mafaili yako yamo humo humo, yamefichwa tu. Usiibonyeze ile mishale. Isafishe flashi kwa programu ya kuzuia virusi, kisha iamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa. Hapo fundi mwaminifu anaweza kukusaidia bila kufuta chochote.

Na faili likizidi GB 4 halitakubali kuingia kwenye flashi iliyopangwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32, hata kama nafasi ipo tele. Hilo si kosa la video. Ni mpango wa flashi, na mpango wa exFAT huliondoa tatizo hilo. Kabla ya kubadilisha mpango, toa kila kilichomo, kwa sababu kubadilisha kunafuta.

Kosa likiwa kwenye programu

Hapa naomba uelewe jambo moja, na makosa mengi yatakuwa hayakubabaishi tena. MP4, AVI, MKV na 3GP ni majina ya mapakacha. Ndani ya pakacha, picha na sauti zimefungwa kwa mtindo maalumu ambao mafundi wanauita kodeki. Programu ikilijua pakacha lakini isijue kufungua kilichofungwa ndani, utapata ujumbe wa kukataliwa, au sauti bila picha, au picha bila sauti. Ndiyo maana video mbili zote zimeandikwa MP4, moja inacheza na nyengine haichezi. Na ndiyo maana kubadilisha jina la mwisho la faili hakusaidii. Ukiandika "embe" juu ya pakacha la mapapai, ukilifungua ni mapapai.

Mtindo uliozoeleka ni H.264, uliopitishwa mwaka 2003. Karibu kila kompyuta na simu inaujua. Mwaka 2013 ukaja H.265, unaobana video ikawa ndogo zaidi, na simu nyingi mpya zinaweza kurikodi kwa mtindo huo. Windows Media Player iliyokuja na Windows 7 haiujui, wala haifungui pakacha la MKV. Windows 10 nayo mara nyingi inahitaji nyongeza kutoka duka la Microsoft, na nyongeza hiyo inauzwa. Kwa hiyo kijana akirikodi shamba kwa simu mpya kisha ikakataa kwenye laptopu ya zamani, hakuna kilichoharibika. Vifaa viwili vimeshindwa kuelewana lugha.

Dawa yake ni VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani ya rangi ya chungwa. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja nchini Ufaransa, na tangu 2001 imekuwa programu huria isiyolipiwa. Faida yake kubwa ni kwamba inabeba kodeki zake yenyewe, haitegemei zile za Windows. Ichukue kwenye tovuti ya videolan.org tu. Fundi akikutoza kwa kazi ya kuiweka, hiyo ni halali yake. Akikuuzia programu yenyewe kwa bei kubwa, muulize kwa nini.

Kuna jambo jengine la kompyuta za mtumba kutoka Ulaya. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliamua kwamba Microsoft lazima itoe pia Windows isiyokuwa na programu yake ya kuchezea video. Toleo hilo huwa na herufi N mwishoni mwa jina. Kompyuta ya namna hiyo ikifika kwetu, mnunuzi anadhani ni mbovu kwa sababu haichezi video yoyote. Si mbovu. Fungua sehemu ya mipangilio, tazama jina la toleo. Ukiona N, ongeza kifurushi cha Microsoft kiitwacho Media Feature Pack, ambacho ni bure, au weka VLC. Nani alipe fundi kwa herufi moja?

VLC nayo ina ujumbe wake unaorudi. Ukifungua faili la AVI lililokatika, inakuambia faharasa ya faili imevunjika, na inakupa uchague ijenge faharasa mpya au icheze hivyo hivyo. Unachagua ijenge, video inacheza vizuri. Kesho unafungua, ujumbe ule ule. Watu wanasema VLC mbovu. Lakini soma ujumbe wenyewe hadi mwisho: inakuambia wazi kwamba hailitengenezi faili lako, inajenga faharasa ya muda tu kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukitaka usirudi, tengeneza faili jipya. Ndani ya VLC bonyeza Ctrl na R, chagua video, ihifadhi kama MP4 yenye H.264 kwa jina jengine. Ukisha kuhakikisha jipya linacheza mwanzo hadi mwisho, hapo ndipo ufute la zamani.

Kosa likiwa kwenye mashine

Wakati mwengine Windows Media Player inakataa kufunguka na kutoa maneno "Server execution failed". Maana yake ya kawaida ni kwamba uliifunga, lakini haikufungika. Imekwama nyuma ya pazia. Zima kompyuta uwashe tena. Mara nyingi hiyo ndiyo dawa yote.

Kama ujumbe unasema maktaba ya video imeharibika, na unarudi kila ukifungua, kilichoharibika ni orodha tu. Funga programu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %LOCALAPPDATA%\Microsoft\Media Player kisha ingia. Futa yaliyomo kwenye folda hiyo. Ukiifungua tena, programu itajenga orodha upya. Video zako hazimo kwenye folda hiyo.

Ukiona picha ya kijani au nyeusi ndani ya VLC lakini sauti inasikika, nenda Tools, kisha Preferences, kisha Input / Codecs, na uzime sehemu ya msaada wa kadi ya picha kwa kuchagua Disable. Kompyuta za zamani zinasumbuka sana na jambo hilo.

Na kwa ndugu zetu wa vijiji vya pwani: hewa ya chumvi inakula shaba. Tundu la flashi likianza kulegea au kupata kutu, kompyuta inaipoteza flashi katikati ya video, na VLC inasema haiwezi kufungua MRL. MRL ni anwani ya faili tu. Inakuambia kitu kilikuwa hapa sasa hakipo. Nakili video kwenye kompyuta kwanza, ndipo uicheze.

Namba za kuandika ukutani

Zipo namba chache zinazojirudia. Ziandike kwenye karatasi, zibandike karibu na kompyuta:

- 0xc00d36c4 – kwenye programu za video za Windows 10 na 11. Aina ya faili haijulikani, au jina lake la mwisho si sahihi, au faili limeharibika. Anza na jaribio la VLC.
- C00D1197 – faili halikuonekana. Limehamishwa, limebadilishwa jina, au limefutwa. Litafute, usitengeneze programu.
- C00D1199 – programu haiujui mtindo wa faili. Ni habari ya kodeki.
- C00D11BA – kifaa cha sauti kina tatizo. Tazama spika, waya, na programu nyengine inayotumia sauti. Video yako haina kosa.

Tazama hizo namba nne. Hakuna hata moja inayosema "piga Windows".

Jihadhari na dawa za kupigia kila ugonjwa

Shambani tunawajua wauzaji wa chupa moja inayotibu kutu, funza, na upungufu wa mbolea kwa pamoja. Mtandaoni nao wapo. Ukitafuta dawa ya kosa la video utakutana na tovuti zinazokutaka upakue kifurushi cha kodeki zote duniani, au programu ya "kurekebisha makosa 300 kwa dakika moja". Nyingi zinakuja na matangazo yasiyokwisha, na nyengine zinakuja na virusi. Ukiwa na Windows 7, hatari ni kubwa zaidi, maana Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Kanuni yangu ni fupi: kama VLC imeshindwa kufungua faili, shuku faili kwanza kabla ya kuongeza programu nyengine.

"Haya ni mambo ya mafundi"

Najua hoja hii, na ina ukweli ndani yake. Mkulima ana shamba, mfanyabiashara ana duka, nani ana muda wa kusoma namba? Wapo pia wanaosema kompyuta imepitwa, simu inatosha.

Kuhusu simu: inatosha kwa mtu mmoja. Haitoshi kwa wanachama thelathini wanaotaka kuona mdudu yukoje chini ya jani. Na simu ina mapakacha yale yale na kodeki zile zile.

Kuhusu mafundi: siwapingi. Mwanakwerekwe kuna vijana hodari wanaojua kazi. Lakini mpelekee fundi mgonjwa na maelezo yake. Mwambie: "Video hii inacheza kwenye simu, inakataa kwenye kompyuta, zile nyengine zote zinacheza, na ujumbe ni huu hapa kwenye picha." Fundi mzuri atamaliza kazi ukiwa umesimama. Fundi wa kubahatisha atajua kwamba umekuja na macho yako. Ukimwambia tu "haifanyi kazi", umempa ruhusa ya kufanya lolote, na njia nyepesi kwake ni kufuta kila kitu aanze upya. Na kabla ya kumkabidhi, nakili daftari la hisa na hesabu zako kwenye flashi ubaki nayo mfukoni. Hilo halina mjadala.

Mzigo si wa mkulima peke yake

Mwisho, nina neno kwa wenzangu wanaogawa mafunzo: maofisa ugani, miradi, na wote wanaokuja kijijini na flashi. Mkulima akishindwa kufungua video yetu, tusiseme hana elimu ya kompyuta. Mwenye kuleta mbegu ndiye anayepima kama inaota. Mafunzo yatolewe kwa MP4 yenye H.264. Jina la faili liwe fupi na la Kiswahili, mkulima ajue lipi ni la nyanya na lipi la kuku. Video ndefu ikatwe vipande. Ijaribiwe kwenye kompyuta kongwe kabisa tunayoweza kuipata kabla ya kupelekwa. Na kwenye kila flashi kiwekwe kisakinishi cha VLC, kwa yule asiyekuwa na intaneti. Haya hayahitaji bajeti.

Kwako wewe msomaji, naomba kitu kimoja wiki hii. Kiboksi kikitokea, toa kidole kwenye kipanya. Piga picha, soma, fanya majaribio matatu. Ukikuta kosa ni flashi, umeokoa daftari la kikundi. Ukikuta ni programu, umeokoa nauli. Na ukikuta kweli ni mashine, utakwenda kwa fundi unajua unalipia nini.

Kazi njema.